Barua Tatu kwa Mlezi wa Mwandamo

Tarehe 1 Desemba 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Shifaa Bakr wa mtaa wa Mkomani, Lamu, alituma barua ya mistari sita kwa mtu aliyemjua kwa herufi moja na jina moja tu: M. Uthman. Barua hiyo ingali kwenye orodha ya wazi ya mradi wa Orsa, jalada namba 412, na yeyote mwenye mtandao anaweza kuisoma. Inaanza kwa salamu, inaeleza kwamba kifurushi kiitwacho mwandamo hakijaguswa tangu tarehe 23 Oktoba na kwamba watumiaji wamelalamika, kisha inauliza: "Je, bado unakilea? Jibu fupi linatosha."

Jibu halikuja, fupi wala refu.

Orsa ni mfumo wa kompyuta unaotolewa bure. Waliouunda na wanaoutunza ni watu wa kujitolea, kama elfu moja na mia mbili, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mfumo umegawanywa katika vipande vidogo, na kila kipande huitwa kifurushi: kimoja cha kuchapisha karatasi, kimoja cha kufungua picha, kimoja cha kupanga majina kwa alfabeti. Kila kifurushi kina mlezi. Mlezi hurekebisha kasoro, hujibu malalamiko, na kila toleo jipya hulitia saini kwa ufunguo wake wa siri ili watu wajue kazi ni yake na haikuchezewa njiani.

Siku moja mlezi huacha kujibu. Ameajiriwa kwingine, ameoa, amechoka, amekufa. Kifurushi chake hakivunjiki siku hiyo. Hukaa pale pale kikifanya kazi, na kasoro hujikusanya polepole, mpaka mtu mwingine mahali pengine akabonyeza kitu na kisifunguke. Kazi ya Shifaa ni kugundua mapema kwamba mlezi hayupo. Tangu mwaka 2023 amefungua na kufunga majalada mia moja themanini na saba. Katika hayo, walezi mia moja ishirini na sita walijibu, wengine kwa aibu, wengine kwa hasira. Vifurushi sitini na kimoja alivitangaza kuwa yatima, na yatima huchukuliwa na yeyote aliye tayari kumlea.

Hakuna anayemlipa kwa kazi hii. Riziki yake hutoka katika duka la chapa na nakala lililo chini ya nyumba ya jamaa zake, chumba chenye kompyuta mbili, mashine moja ya nakala na kiyoyozi kisichofanya kazi. Asubuhi watu huja kuchapisha barua za maombi na vyeti vya watoto. Kati ya mteja na mteja, Shifaa hufungua orodha yake.

Anapenda kufuatilia. Hilo alijifunza kabla hajaiona kompyuta. Shangazi yake, Bi Ummu, anayeishi ghorofa ya juu, ndiye mshika funguo wa nyumba tano za mji wa kale ambazo wenyewe wamehamia Mombasa na Maskati. Shifaa alipokuwa na miaka minane alikuwa akifuatana naye kila mwezi kufungua madirisha na kufagia mavi ya popo. Alijifunza kuisoma nyumba. Vumbi la kizingiti lilimwambia tangu lini mlango haujafunguliwa. Birika lililokauka lilimwambia jambo lingine, na kamba ya nguo iliyobaki na kibanio kimoja ilimwambia kwamba aliyeondoka alidhani atarudi wiki ile ile.

Basi alipopewa kazi ya kuwafuatilia walezi wa Orsa, mwezi Juni 2023, aliiandika kanuni yake kwa namna aliyoijua. Barua tatu, kila moja siku thelathini baada ya nyingine, na siku thelathini za mwisho za kusubiri. Ikifika siku ya tisini bila jibu lenye saini ya mlezi mwenyewe, kifurushi ni yatima. Wenzake wa Orsa waliuliza kwa nini tatu. Aliwajibu kwamba kwao, mgeni hubisha hodi mara tatu. Waliipenda hadithi hiyo, wakaipitisha kanuni bila mjadala.

Kanuni haikuwa na msamaha, naye alijulikana kwa hilo. Mwaka 2024 mlezi mmoja wa Ajentina alijibu siku ya tisini na tatu. Alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji, na aliambatisha karatasi ya hospitali. Shifaa alimwandikia mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa pole. Wa pili ulisema kwamba siku ni tisini na kifurushi kimeshapata mlezi mwingine. Mtu yule aliaga na hakuonekana tena. Wengi walimsifu Shifaa kwa msimamo. Yeye jina la mtu yule hakulisahau.

Jalada namba 412 lilimtia hamu tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya kazi yenyewe. Mwandamo ni kifurushi cha kalenda ya Kiislamu. Kalenda za kompyuta kwa kawaida huhesabu miezi kwa kanuni za hisabati, lakini mwandamo una jedwali ambalo kila mwezi mlezi huingiza mwenyewe usiku ambao hilali ilionekana kwa macho katika pwani hii. Asipoingiza, programu huupa kila mwezi siku thelathini na kuendelea. Mfungo nane, mwezi wa nane baada ya Ramadhani, ulikuwa na siku ishirini na tisa. Kwa hiyo mwishoni mwa Novemba kalenda ilikuwa nyuma kwa siku moja, na kufikia Shaabani ilikuwa nyuma kwa siku mbili. Programu saba za simu zinategemea kifurushi hicho, na watumiaji wake ni watu elfu arobaini hivi. Ramadhani ilikuwa inakaribia.

Barua ya pili ilikwenda tarehe 31 Desemba. Tarehe 8 Januari, Mueni, mhandisi wa programu wa Nairobi ambaye yuko Orsa kwa mwaka wa tano, aliandika kwenye jalada kwamba yuko tayari kukichukua kifurushi siku ya tisini ikifika. Alieleza mpango wake wazi. Angeliondoa jedwali la kuonwa kwa mwezi na kuweka hesabu mahali pake, ili kalenda isimtegemee mtu mmoja tena. Hakuna aliyeona kosa katika hoja yake. Shifaa mwenyewe aliisoma mara mbili akaona inasimama. Siku ya tisini ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Machi 2026.

Lakini alikuwa na mazoea ya kuisoma nyumba kabla ya kuifunga. Alichapisha orodha ya kazi zote za M. Uthman, miaka sita, akaitandaza mezani. Jambo la kwanza aliliona kabla chai haijapoa. Kazi zote zilitumwa Alhamisi. Zote, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mtu aliye na kompyuta nyumbani hafanyi hivyo. Huyu alikuwa anakwenda mahali, siku moja kwa wiki, kwa saa mbili.

Jambo la pili lilikuwa ndani ya kifurushi. Kila programu ina majaribio madogo ya kuhakikisha inafanya kazi, na katika majaribio ya mwandamo mlezi alikuwa ameandika mahali anapotazama mwezi, kwa latitudo na longitudo hadi tarakimu nne. Watu wa Orsa walidhani ni namba za mfano tu. Shifaa aliziingiza kwenye ramani. Alama ilianguka kusini ya kisiwa hiki hiki, nyuma kidogo ya Kipungani, kijiji ambacho kutoka dukani kwake ni mwendo wa saa moja kwa boti.

Alikaa akiitazama ile alama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mtu aliyekuwa akimwandikia kupitia mitambo ya nchi za mbali alikuwa kisiwa kimoja naye. Kila Alhamisi kwa miaka sita, pengine walikuwa wamepishana katika uchochoro.

Hapo kulikuwa na kizuizi, nacho alikiweka mwenyewe. Kanuni inamruhusu mfuatiliaji kusoma yaliyo wazi na kutuma barua, basi. Haimruhusu kwenda kwa mtu. Aliiandika hivyo makusudi, baada ya kuona jumuiya nyingine ambako walezi waliokuwa wamechoka walisumbuliwa hadi kazini kwao. Kwa hiyo alituma barua ya tatu tarehe 30 Januari, kama kawaida, na siku nne nzima hakufanya lolote.

Siku ya tano alimweleza Bi Ummu, akitaraji kutaniwa. Bi Ummu kwa miaka mitatu amekuwa akiiita kazi hii upekuzi wa majumba yasiyo kuta. Safari hii hakutania. Aliuliza mgeni wa hiyo kanuni ya Shifaa hubisha hodi mara ngapi. Shifaa akasema tatu. Akauliza, na baada ya ya tatu hufanya nini. Shifaa akasema, humpa mtu mwingine nyumba.

Bi Ummu aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, hodi tatu ni za kurudi kwenu," alisema. "Nani alokwambia ni za kuingia?"

Shifaa alikuwa amelijua jambo hilo tangu utotoni, kama anavyolijua kila mtoto wa Lamu. Ukibisha mara tatu usijibiwe, unaondoka, na mwenye nyumba hadaiwi sababu. Yeye alikuwa ameichukua hesabu ya hodi, akaigeuza maana yake, akaitangazia dunia kuwa ni desturi ya kwao.

Kumtafuta M. Uthman kama mfuatiliaji hakuweza. Lakini hakuna kanuni inayomkataza mtu wa Mkomani kununua mkeka. Alhamisi, tarehe 5 Februari, alikwenda kwa Bi Alawiya, mfanyabiashara wa Langoni ambaye mikeka yake yote hutoka Kipungani. Alichagua mkeka kwa muda mrefu usio wa kawaida. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha wakati, wanawake wanaoleta mikeka huja siku gani.

Siku ya leo, alisema Bi Alawiya. Huja na boti ya asubuhi, hushusha mikeka, na kila mmoja huenda kwenye shughuli zake mpaka boti irudi. Mmoja wao, Mwanamkisi binti Uthman, shughuli yake ilikuwa ofisini kwa kikundi cha wafumaji, hapo juu, kwenye ile kompyuta ya kikundi ambayo wenzake wameigeuza meza ya kuwekea miyaa ya kufumia mikeka.

"Ilikuwa?" aliuliza Shifaa.

"Hayupo siku hizi. Mikeka yake huletwa na nduguye." Bi Alawiya aliukunja mkeka aliokuwa ameushika. "Yuko edani. Mumewe, Madi, alikufa mfungo nane, siku ya tatu. Figo. Alikuwa ni mtu na mato yake, yule. Akiuona mwezi kabla ya waume wote."

Shifaa alilipa mkeka akasahau kuubeba, ikabidi aitwe arudi.

Njiani alihesabu. Mfungo nane tatu ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Oktoba. Kazi ya mwisho ya M. Uthman ilitumwa Alhamisi iliyotangulia, siku tatu kabla. Eda, muda ambao mjane hukaa ndani bila kutoka, ni miezi minne na siku kumi, kwa miezi ya mwandamo. Miezi minne ingemfikisha Ramadhani tatu, na siku kumi Ramadhani kumi na tatu. Siku kama mia moja ishirini na nane. Kanuni yake ilikuwa na tisini.

Alikuwa ameiandika kanuni kwa ajili ya watu wa nchi zote. Alifikiria likizo za kiangazi za Wazungu. Alifikiria mitihani ya wanafunzi, uzazi, hata utumishi wa jeshi katika nchi zenye sheria hiyo. Eda aliyoikaa mama yake mwenyewe, ndani ya nyumba ile ile ya juu ya duka, yeye akiwa na miaka kumi na tisa, haikumpitia akilini.

Jumamosi alipanda boti ya Kipungani. Alichukua sukari kilo mbili, kwa sababu haendi mtu kwenye msiba mikono mitupu, na pakiti za rangi ambazo Bi Alawiya alimpa awapelekee wafumaji. Alijiambia kwamba anakwenda kutoa pole, na kwamba mwanamke kwenda kumpa pole mwanamke mwenzake hakuhitaji kanuni ya Orsa. Hilo lilikuwa kweli. Alijua pia kwamba halikuwa kweli lote.

Mlango ulifunguliwa na Nusra, mdogo wake Mwanamkisi, ambaye alitazama kwanza nyuma ya mgeni kuhakikisha hakufuatana na mwanamume. Mwanamkisi alikuwa uani. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu. Alivaa kanga zilizopauka, hana wanja wala hina, na vidole vyake vilikuwa vikisuka ukili wa mkeka bila yeye kuvitazama. Shifaa alitoa pole, wakamrehemu marehemu, wakanywa kahawa. Mazungumzo yalikwenda kwa mwendo wa mahali pa msiba. Kisha Shifaa akasema jina lake kamili na kazi yake.

Vidole vilisimama.

"Orsa," alisema Mwanamkisi. "Nilidhani hakuna asomae huko."

"Watu elfu arobaini."

"Elfu arobaini." Alilirudia neno kwa sauti ndogo, akageuka kumtazama Nusra. "Wasikia? Nawe wasema nacheza na mashine."

Alisimulia bila haraka. Alisomea kompyuta Mombasa, cheti alikipata mwaka 2009, akaolewa Kipungani mwaka uliofuata. Mwandamo ulianzia kwa Madi. Kila siku ya ishirini na tisa alikuwa akienda na wanaume wengine kutazama mwezi, na kila mara akirudi akilalamika kwamba simu za vijana zinasema jingine na macho yake yanasema jingine. Mkewe akamwambia, basi wewe tazama, mimi nitaandika. Kwa miaka sita yeye alitazama, naye mkewe aliandika Alhamisi iliyofuata.

Nyumbani hana kompyuta. Simu yake ni kabambe isiyo na mtandao. Ufunguo wa saini uko kwenye flashi, na flashi iko ndani ya kikebe cha hina juu ya kabati. Barua tatu za Shifaa zilikuwa zimekaa mjini, kwenye kompyuta iliyofunikwa miyaa, zikimsubiri.

Shifaa alieleza yaliyobaki: siku tisini, Mueni, tarehe 1 Machi. Mwanamkisi alisikiliza kama asikilizavyo mtu wa fani, akiuliza maswali machache yanayolenga. Shifaa alipofika kwenye mpango wa kuliondoa jedwali, Mwanamkisi aliuachia ukili.

"Huyo Mueni anajua kazi?"

"Sana."

"Hesabu yake ni nzuri. Hata mimi naijua hiyo hesabu." Aliuchukua tena ukili. "Lakini ile ndiyo kazi niloifanya na Madi. Hatukufanya nyingine. Watoto hatukujaliwa."

Shifaa aliuliza kama alifikiria kuomba ruhusa atoke asubuhi moja tu. Mwanamkisi alisema angeweza kuuliza, na pengine angeruhusiwa, wako waliotoka kwa jambo dogo kuliko hilo. Hakuuliza. "Siku hizi ni zake," alisema. "Sizipunguzi kwa ajili ya barua."

Basi Shifaa akasema lile alilokuwa ameahidi nafsi yake kwamba hatalisema. Kwamba kama Mwanamkisi angempa flashi, yeye mwenyewe angeweza kutuma jibu la mstari mmoja, na hakuna ambaye angejua.

"Kanuni yenu yasemaje mtu akimpa mwenzake ufunguo?"

"Hunyang'anywa kifurushi."

"Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

Mwanamkisi alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua Nusra hata akachungulia kutoka jikoni. Alisema hajapata kuona mlinzi anayemfundisha mwizi ndia ya kuingilia. Shifaa naye alicheka, masikio yakimwaka.

Kabla mgeni hajaondoka, Mwanamkisi alileta daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Ua wake unatazama magharibi na ukuta wake ni mfupi. Tangu Madi afariki, kila ishirini na tisa alisimama uani akatazama mwenyewe. Mfungo nane aliuandika kwa tarehe aliyoambiwa na Madi, siku mbili kabla hajazidiwa. Mfungo tisa, Rajabu na Shaabani aliiona kwa macho yake. Miezi yote minne iliyokosekana kwenye kalenda ya watu elfu arobaini ilikuwa mle, kwa penseli, mstari mmoja mmoja. Alimruhusu Shifaa alipige picha.

Aliomba jambo moja. Huko Orsa asielezwe mtu habari za nyumba yake.

Hilo ndilo lililomweka Shifaa macho wazi kwenye boti ya kurudi. Akinyamaza, tarehe 1 Machi angetakiwa kutia jina lake kwenye tangazo la yatima, akijua kwamba mlezi yu hai na yuko kazini kwa penseli. Akimwongezea siku, angekuwa amemfanyia mtu wa nchi yake alichomnyima mtu wa Ajentina, tena bila kutoa sababu. Kila aliyewahi kunyang'anywa kifurushi angekuwa na haki ya kumuuliza. Heshima yote aliyokuwa nayo katika mradi ule ilisimama juu ya kutofanya hivyo.

Jumapili asubuhi aliandika barua kwenye orodha ya wazi. Ni ndefu kuliko barua zake zote. Alisema kwamba amemtembelea mlezi wa jalada 412, kinyume cha kanuni. Alisema mlezi yu hai, anataka kuendelea, na sababu ya ukimya wake ni ya haki na ni ya kwake mwenyewe. Kisha akasema kwamba kosa liko kwenye kanuni, na kanuni ni yake: desturi ya hodi tatu aliyowaeleza mwaka 2023 aliieleza nusu, kwani anayebisha mara tatu hurudi, haingii. Alipendekeza siku ziwe mia moja na arobaini kwa kila mlezi, na majalada yaliyo wazi yahesabiwe upya. Alikiri kwamba mlezi wa Ajentina alitendewa visivyo. Mwisho alijitoa katika jalada 412 na katika kura, kwa kuwa mlezi ni wa kwao.

Mchana ule Mueni alimpigia simu. Walikuwa hawajawahi kuzungumza. Shifaa alitaraji hasira, na Mueni alikuwa nayo kidogo, kwa sababu alikuwa ameshafanya kazi ya mwezi mzima juu ya kifurushi ambacho huenda asikipate. Aliuliza kwa nini siku mia moja na arobaini, kwa nini si mia moja na ishirini, namba nzuri zaidi. Shifaa alisema mia moja na ishirini hazitoshi.

Mueni alikulia Mombasa, Majengo, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na majirani sita Waislamu.

"Zinahitajika mia moja na thelathini hivi," alisema hatimaye. "Sivyo?"

"Siwezi kukujibu."

"Usinijibu. Mwambie pole."

Kisha akauliza kuhusu Ramadhani, kwa sauti ya kazi. Kanuni za Orsa zinamruhusu mtu yeyote wa kujitolea kufanya ukarabati wa dharura kwenye kifurushi bila kuwa mlezi wake, na Shifaa, akiwa amejitoa, asingeweza kuufanya yeye. Mueni aliufanya. Jumatatu tarehe 9 Februari, miezi minne kutoka kwenye daftari la penseli iliingia kwenye jedwali, na kalenda ikakaa sawa. Sehemu ya jina la mchangiaji wa taarifa, Mueni aliandika M. Uthman.

Kura zilifungwa Ijumaa, tarehe 13. Wapiga kura walikuwa watano: watatu walikubali, wawili walikataa. Mmoja wa waliokataa aliandika kwamba kanuni haibadilishwi kesi ikiwa katikati. Shifaa anasema mtu huyo ana hoja, na kwamba asingemlaumu yeyote aliyepiga kura kama yeye. Mlezi wa Ajentina ameandikiwa. Hajajibu, na Shifaa hajaanza kumhesabia siku.

Jalada 412 sasa lina muda hadi tarehe 20 Aprili. Jumanne ijayo, tarehe 17 Februari, ni Shaabani ishirini na tisa. Mwanamkisi atasimama uani akitazama magharibi, ingawa anajua kwa hesabu kwamba mwezi hauelekei kuonekana jioni hiyo. Usipoonekana, atatazama tena Jumatano. Akiuona atampigia Shifaa kwa kabambe, Shifaa atampigia Mueni, na Mueni ataingiza Ramadhani.

Ikiwa ni Jumanne, eda itakwisha Jumatatu tarehe 2 Machi. Ikiwa ni Jumatano, itakwisha Jumanne tarehe 3. Kwa vyovyote vile Alhamisi ya kwanza ni tarehe 5. Boti ya mikeka huondoka Kipungani saa moja asubuhi, na ofisi ya kikundi hufunguliwa saa tatu.